Mwajiri Hatungi: Uhakiki wa Dhana ya Mtunzi katika Hukumu Mbili za Marekani kuhusu Sanamu, na Maana Yake kwa Sheria ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya mtunzi kama inavyotumika katika sheria ya Marekani kuhusu kazi za ubunifu zinazofanywa kwa ajili ya mwajiri. Hukumu mbili zinalinganishwa. Ya kwanza ni ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1989 kati ya jumuiya ya Community for Creative Non-Violence (CCNV) na mchongaji James Earl Reid. Ya pili ni ya Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili ya mwaka 1995 katika shauri la Carter dhidi ya Helmsley-Spear. Hoja kuu ni kwamba kipimo kilichowekwa na hukumu ya kwanza na kutumiwa na ya pili hupima namna msanii alivyolipwa, wala hakipimi namna kazi ilivyotungwa. Kwa sababu hiyo, msanii aliyepewa wazo na maelekezo alitoka mahakamani akiwa mtunzi, ilhali wasanii waliokuwa na uhuru kamili wa kubuni walitoka bila jina hilo. Makala yanahitimisha kwa kuilinganisha hali hiyo na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ambayo inatenganisha utunzi na umiliki kwa namna bora zaidi, lakini inamwacha msanii anayefanya kazi kwa kuagizwa katika hatari ambayo sheria ya Marekani ilimwepusha nayo.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, kutunga ni tendo la mkono na akili kwa pamoja. Shanga hutungwa katika uzi, samaki hutungwa katika kamba, na shairi hutungwa katika mizani na vina. Anayetunga ndiye mtunzi, na aliyenunua uzi haitwi kwa jina hilo. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Bwana Mwengo na kuwekewa mwaka 1728, unasemekana kuwa ulitungwa kwa ombi la mtawala wa Pate. Hata hivyo, wahakiki wa tendi hawajapata shida kumtenganisha mwenye kuagiza na mwenye kutunga. Mtawala aliomba, mshairi akatunga, na kila mmoja akabaki na sifa inayomstahili.

Sheria ya Marekani haikushika mkondo huo. Katika sheria hiyo, kazi inayofanywa na mwajiriwa ndani ya mipaka ya ajira yake huitwa kazi ya ajira, na mwajiri huhesabiwa kuwa mtunzi wake. Kinachosemwa hapa ni kikubwa kuliko kwamba mwajiri amenunua kazi, amerithi haki zake au amekabidhiwa. Sheria inamchukulia mwajiri kama kwamba ndiye aliyeitunga tangu mwanzo, na yule aliyeketi mbele ya udongo, karatasi au ala ya muziki anatoweka katika kumbukumbu za kisheria.

Mjadala kuhusu jambo hili mara nyingi huendeshwa kama mjadala wa fedha, yaani nani apate mapato ya kazi. Swali hilo ni halali, lakini ndani yake limefichwa swali jingine ambalo uhakiki wa sanaa hauwezi kulikwepa: ni nini kinachomfanya mtu awe mtunzi wa kazi? Mahakama inapoamua nani ni mwajiri, inaamua pia, pengine bila kukusudia, nani alitunga. Makala haya yanalishughulikia swali hilo la pili. Kesi za sanamu zimechaguliwa kwa sababu katika sanamu tendo la kutunga linaonekana kwa macho: kuna wazo, kuna zana, kuna mkono unaofinyanga au kuchonga, na kuna kitu kinachosimama mahali watu wakakitazama.

2.0 Chimbuko la Dhana ya Mwajiri kama Mtunzi

Katika karne ya 19 msingi wa kawaida ulikuwa kwamba anayebuni ndiye mwenye haki ya kwanza, na anayetaka haki hiyo sharti apewe kwa makubaliano. Msingi huo ulilegea polepole kadiri kazi za ubunifu zilivyozidi kutengenezwa ndani ya viwanda vya uchapaji, magazeti na kampuni za matangazo. Mwaka 1903, katika shauri la Bleistein dhidi ya kampuni ya Donaldson Lithographing, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba picha za matangazo ya sarakasi zinaweza kuwa na hakimiliki. Shauri hilo hukumbukwa zaidi kwa hoja yake kwamba majaji wasijifanye wapimaji wa thamani ya sanaa. Aghalabu husahaulika kwamba picha hizo zilichorwa na watu walioajiriwa na kulipwa ili wazichore, na kwamba hakimiliki ilitambuliwa kuwa ya mwenye karakana. Wachoraji hawakuwa sehemu ya mjadala.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1909 iliuandika mwelekeo huo. Ilitamka kwamba neno mtunzi linamjumuisha mwajiri pale kazi inapofanywa kwa ajira, lakini haikufafanua ajira ni nini. Sheria ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika mwaka 1978, ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuigawa kazi ya ajira katika aina mbili. Aina ya kwanza ni kazi iliyotayarishwa na mwajiriwa ndani ya mipaka ya ajira yake. Aina ya pili ni kazi iliyoagizwa mahususi, mradi iwe katika mojawapo ya makundi tisa yaliyotajwa, kama vile sehemu ya filamu, tafsiri, kitabu cha kufundishia au atlasi, na mradi pande zote mbili zitie saini hati inayoitambua kuwa kazi ya ajira. Sanamu haimo katika makundi hayo tisa.

Kuitwa mtunzi kuna matokeo mazito. Hakimiliki ya kazi ya mtu binafsi hudumu maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo chake. Kazi ya ajira hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa au miaka 120 tangu kutungwa, kutegemea muda upi unaisha mapema, kana kwamba maisha ya aliyeitunga hayana uzito wowote. Mtunzi aliyeuza haki zake anaweza, kwa masharti fulani, kuzirejesha baada ya miaka 35. Aliyefanya kazi ya ajira hana cha kurejesha kwa kuwa kisheria hakuwahi kuwa na kitu. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 1990 kuhusu haki za wasanii wa sanaa za maono, inayompa msanii haki ya kutambuliwa kwa jina na kuizuia kazi yake isiharibiwe, imeziweka kazi za ajira nje ya ulinzi wake. Neno moja katika ufafanuzi, basi, linaamua muda wa ulinzi, uwezekano wa kurejesha haki, na hata kama sanamu itabaki imesimama au itabomolewa.

3.0 Familia Juu ya Wavu wa Mvuke

Katika majira ya vuli ya mwaka 1985, Mitch Snyder na wenzake wa CCNV, jumuiya ya jijini Washington iliyowatetea watu wasio na makazi, walipata wazo la sanamu kwa ajili ya maonyesho ya Krismasi. Badala ya Yosefu, Maria na mtoto Yesu wa mapokeo, pangekuwa na familia ya Wamarekani weusi wasio na makazi, watu wazima wawili na mtoto mchanga, wakijikunyata juu ya wavu wa chuma wa barabarani unaotoa mvuke. Kazi hiyo ingeitwa Third World America, yaani Marekani ya Ulimwengu wa Tatu, na maandishi yake yangemkumbusha mtazamaji kwamba nyumba ya wageni bado haina nafasi. Wazo, mada, jina na ujumbe vyote vilitoka CCNV.

Reid, mchongaji wa Baltimore, alikubali kuziunda sanamu tatu za watu, na jumuiya ikajitwika kutengeneza wavu, mvuke na jukwaa. Gharama haikutakiwa kuzidi dola 15,000, na Reid alijitolea ujuzi wake bila malipo. Kwa kuwa fedha na muda havikutosha kwa sanamu ya shaba nyeusi, alipendekeza itumike mada ya sinthetiki inayomiminwa katika kalibu. Hapakuwa na mkataba wa maandishi, na hakuna upande uliotaja hakimiliki.

Wakati wa kazi, wanachama wa jumuiya walitembelea karakana na kutoa maoni. Reid aliandaa mchoro wa familia ikiwa imeketi; Snyder akasisitiza kwamba watu wanaolala nje hujilaza juu ya wavu ili wapate joto, na sanamu ikafuata msimamo huo. Kuhusu vitu vya familia, Reid alipendelea masanduku au mifuko, Snyder akataka kigari cha kubebea bidhaa cha dukani, na kigari kikachukuliwa. Sanamu ilikabidhiwa tarehe 24 Desemba 1985, na malipo ya mwisho yakatolewa.

Ugomvi ulizuka kazi ilipokwisha kupendwa. Sanamu ilirejeshwa Baltimore mwezi Januari 1986 kwa matengenezo madogo. Snyder alipopanga kuizungusha katika miji kadhaa, Reid alipinga kwa kuwa mada yake haikuweza kustahimili safari. Alipendekeza imiminwe upya kwa shaba nyeusi au itengenezwe kalibu kuu, na Snyder akakataa kuongeza gharama. Mwezi Machi Snyder alidai sanamu irudishwe, Reid akakataa, na kila mmoja akaandikisha hakimiliki kwa upande wake.

Mahakama ya wilaya iliipa CCNV ushindi kwa sababu Snyder alikuwa ndiye nguvu iliyoisukuma kazi. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na tarehe 5 Juni 1989 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Thurgood Marshall, ikakubaliana na utenguzi. Marshall alikataa hoja kwamba kila anayedhibiti matokeo ya kazi awe mwajiri, kwa maana kila anayeagiza hudhibiti matokeo kwa kiasi fulani, na kwa mantiki hiyo masharti ya makundi tisa yangekosa maana. Badala yake alisema neno mwajiriwa lisomwe kwa maana yake katika sheria ya jumla ya uwakala. Kinachoangaliwa ni haki ya kudhibiti namna na njia za kufanya kazi, pamoja na ustadi unaohitajika, mwenye zana, mahali pa kazi, muda wa uhusiano, haki ya kumpa mtu kazi nyingine, uhuru wa kupanga saa, njia ya malipo, uwezo wa kuajiri wasaidizi, marupurupu ya ajira na namna kodi inavyokatwa. Hakuna kigezo kimoja kinachotosha peke yake.

Kwa vigezo hivyo Reid hakuwa mwajiriwa. Alikuwa fundi mwenye ustadi, alitumia zana zake katika karakana yake, alifanya kazi kwa muda usiofika miezi miwili, alilipwa kwa kukamilisha kazi, na jumuiya haikumkata kodi ya mshahara wala kumpa bima. Shauri lilirudishwa chini ili ichunguzwe kama pande mbili zilikuwa watunzi wenza, lakini swali hilo halikufika mwisho wa hukumu. Pande zilipatana: Reid akatambuliwa kuwa mtunzi pekee wa sanamu, CCNV ikabaki na sanamu yenyewe, Reid akapata haki ya nakala za sanamu, na haki za picha zikawa za wote wawili. Hata baada ya hapo Reid alilazimika kurudi mahakamani ili aruhusiwe kuifikia sanamu na kuitengenezea kalibu. Haki ya kunakili ilikuwa mkononi mwake, lakini kitu cha kunakili kilikuwa chini ya kufuli la mwingine.

4.0 Ukumbi wa Queens

Hukumu ya mwaka 1989 ilipokewa na wengi kama ushindi wa wasanii. Shauri la Carter dhidi ya Helmsley-Spear linaonyesha ukomo wa ushindi huo. Mwaka 1991 wachongaji watatu walipewa kazi ya kuupamba ukumbi wa jengo moja la biashara huko Queens, New York. Kwa zaidi ya miaka miwili walijenga kazi moja kubwa ambayo mtu aliweza kupita ndani yake. Ilifanywa kwa vitu vilivyotupwa, kikiwemo kipande cha basi la shule, ikasambaa sakafuni, ukutani na darini, na mada yake ilikuwa mazingira na matumizi mapya ya taka.

Mkataba uliwapa wasanii mamlaka kamili juu ya usanifu, rangi na mtindo. Waliowaajiri walibaki na uamuzi wa mahali pa kuweka kazi. Wasanii walibaki pia na hakimiliki, na upande wa pili ungepata nusu ya mapato yatakayotokana nayo. Ukilinganishwa na hali ya Reid, uhuru huu ulikuwa mpana. Hapakuwa na Snyder wa kuwaambia familia ilale badala ya kuketi.

Mwaka 1994 jengo lilirudi mikononi mwa wamiliki, nao wakaonyesha nia ya kuiondoa kazi hiyo. Wasanii walifungua shauri chini ya sheria ya mwaka 1990, na mahakama ya wilaya ikazuia ubomoaji. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua zuio hilo. Ilikubali kwamba wasanii walikuwa na uhuru wa kubuni, lakini vigezo vingine viliwaelemea. Walilipwa mshahara wa kila juma, walikatwa kodi ya mshahara, walipewa bima ya maisha na ya afya na likizo yenye malipo, na walichangiwa katika bima ya kukosa kazi. Waliweza kupewa kazi nyingine, vifaa vingi vilitoka kwa waajiri, na hawakuweza kuajiri wasaidizi wa kulipwa bila idhini. Hivyo walikuwa waajiriwa, kazi yao ilikuwa kazi ya ajira, na haki ya kuizuia isibomolewe haikuwahusu.

Tokeo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Mkataba uliwaachia wasanii hakimiliki, na mahakama haikuufuta. Sheria ya Marekani inaruhusu pande kuandikiana kwamba mwajiriwa ndiye atakayemiliki haki, lakini haiziruhusu kuandikiana kwamba mwajiriwa ndiye mtunzi. Wachongaji wa Queens waliweza basi kuwa wamiliki wa haki za kazi ambayo, machoni pa sheria, hawakuitunga.

5.0 Kinachopimwa na Kisichopimwa

Hukumu hizi mbili zikiwekwa pamoja, kasoro ya kipimo inajitokeza. Katika kesi ya kwanza, wazo, mada, jina, msimamo wa watu na vitu vinavyowazunguka vilitoka kwa aliyeagiza au viliidhinishwa naye. Msanii akatoka akiwa na dai la mtunzi. Katika kesi ya pili, usanifu, rangi na mtindo vyote vilitoka kwa wasanii. Wakatoka bila jina la mtunzi. Kama kipimo kingepima utunzi, matokeo yangetarajiwa kuwa kinyume, au angalau yasingetofautiana hivyo. Tofauti kubwa kati ya Baltimore na Queens haikuwa katika kubuni. Ilikuwa katika hati ya mshahara.

Haitoshi kusema kwamba Mahakama ya Juu ilikosea kusoma sheria. Marshall alisoma neno mwajiriwa kwa namna inayotabirika kuliko hoja ya udhibiti aliyoikataa, na usomaji wake uliwalinda wasanii wengi wanaofanya kazi kwa kuagizwa. Tatizo liko chini ya hukumu, katika sheria yenyewe, iliyofunga maswali mawili katika fundo moja. Swali la kwanza ni la uhusiano wa kazi: nani alibeba gharama, na ni halali apate nini? Vigezo vya mshahara, zana na bima vinalijibu vizuri. Swali la pili ni la utunzi: umbo hili limetoka kwa nani? Vigezo hivyohivyo haviwezi kulijibu, kwa maana bima ya afya haifinyangi udongo.

Athari ya fundo hili ni kwamba msanii anawekwa mbele ya uchaguzi usio wa haki. Usalama wa maisha yake, yaani mshahara wa uhakika, matibabu na likizo, unahesabiwa kama ushahidi dhidi ya utunzi wake. Kadiri anavyotunzwa vizuri kama mfanyakazi, ndivyo anavyofutika kama mtunzi. Reid alijitolea ujuzi wake, na ukosefu huo wa ujira ukawa sehemu ya ngao yake. Wachongaji wa Queens walipata kile ambacho wasanii wengi hukitamani, nacho ndicho kilichowaponza.

Kuna hoja tatu za kutetea sheria hii, nazo hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mwajiri ndiye anayebeba hasara kazi isipopata soko, kwa hiyo anastahili faida ikipata. Hoja hii ni ya kweli, lakini inathibitisha haki ya kutumia kazi na kupata mapato. Haithibitishi kwamba mwajiri ametunga. Mwenye shamba anayemlipa mkulima ana haki ya mavuno, lakini hahitaji kudai kwamba yeye ndiye aliyelima.

Hoja ya pili ni ya urahisi. Filamu, gazeti au programu ya kompyuta hupitia mikono mingi, na kama kila mkono ungeshika kipande cha haki, kazi isingeweza kutumika. Hili nalo ni kweli, ila ni hoja ya kukusanya haki za matumizi mahali pamoja. Haki hizo zinaweza kukusanywa kwa njia ya kuhamishwa, huku watunzi wakibaki watunzi. Sheria ya Ufaransa, kwa mfano, inaanza na msingi kwamba mkataba wa ajira haumwondolei mtunzi haki yake, kisha inaweka kanuni maalumu kwa kazi kama programu za kompyuta. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inamfanya mwajiri kuwa mmiliki wa kwanza wa kazi ya mwajiriwa, lakini inaendelea kumwita mtunzi yule aliyeiunda. Nchi zote mbili zina filamu, magazeti na viwanda vya programu.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi, nayo inaibuliwa na Snyder mwenyewe. Kama wazo la familia juu ya wavu wa mvuke lilikuwa lake, je, si dhuluma kumwita Reid mtunzi pekee? Mtazamaji aliyeguswa na sanamu ile aliguswa pia na mgongano kati ya hori la Bethlehemu na barabara ya Washington, na mgongano huo haukuzaliwa karakanani. Hoja hii haiipi nguvu dhana ya kazi ya ajira, inaidhoofisha. Mchango wa Snyder, kama ulikuwa wa kiutunzi, ulistahili kupimwa kama utunzi, kwa swali la utunzi wa pamoja. Mahakama ya Juu iliuacha mlango huo wazi, lakini suluhu ikaufunga kabla haujapitiwa. Dhana ya mwajiri ilivutia macho ya pande zote kuelekea kwenye malipo, na swali ambalo uhakiki wa sanaa ungelitaka, yaani wazo na umbo vinakutanaje katika kazi moja, likabaki bila jibu.

6.0 Kenya: Kuhamishwa si Kutunga

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaanza mahali tofauti. Kifungu cha 31 kinasema kwamba hakimiliki ni ya mtunzi kwanza. Kisha kinaongeza kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, au ikiwa imefanywa katika utendaji wa ajira, hakimiliki itachukuliwa kuwa imehamishiwa kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande zikikubaliana vinginevyo. Kifungu cha 32 kinamwachia mtunzi haki ya kudai utunzi wake na kupinga upotoshaji wa kazi unaoivunjia heshima yake, hata baada ya haki za kiuchumi kuhamishwa.

Lugha ya vifungu hivi ina uzito. Kitu hakiwezi kuhamishwa isipokuwa kilikuwa mahali fulani kabla ya kuhama. Kwa kusema hakimiliki inahamishwa, sheria ya Kenya inakiri kwamba palikuwa na mtu aliyetunga, na kwamba mtu huyo anaendelea kuwapo baada ya uhamisho. Mchongaji anayelipwa mshahara wa mwezi anaweza kupoteza mapato ya nakala, lakini jina lake halifutwi na mshahara huo. Katika hili sheria ya Kenya iko karibu zaidi na namna wasomaji wa Kiswahili wanavyolielewa neno mtunzi.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo inamweka msanii wa kujitegemea pabaya. Uhamisho unamhusu mwajiriwa na unamhusu pia yeyote aliyeagizwa. Mazingira ya Reid yakipimwa kwa kifungu cha 31, matokeo yanageuka. Aliagizwa, hakuna mkataba wa maandishi uliopatikana, na hakimiliki haikutajwa. Kwa kukosa makubaliano ya kuzuia, haki za kiuchumi zingehesabiwa kuwa zimehamia kwa CCNV, ingawa Reid hakuwa na mshahara, bima wala likizo. Kule Marekani ukimya wa pande mbili ulimnufaisha msanii. Hapa ungemnufaisha mwagizaji.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mchoraji wa michoro ya kitabu cha watoto, mpiga picha wa sherehe, mtunzi wa wimbo wa tangazo la redio na mchongaji wa sanamu ya mzunguko wa barabara hufanya kazi kwa kuagizwa, na maagano mengi ya namna hiyo hufungwa kwa mdomo. Sheria inayoutafsiri ukimya kuwa uhamisho inampa faida yule mwenye uwezo wa kumwita mwanasheria, na inamtaka msanii aandike mkataba ili abaki na kile alichokiumba. Mzigo wa kuandika ungekuwa wa haki zaidi ungebebwa na anayetaka kupokea.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba hukumu za mwaka 1989 na 1995 hazigongani kisheria. Zote mbili ni matumizi ya kipimo kimoja. Zinagongana kisanaa, kwa kuwa kipimo hicho kinatoa jina la mtunzi au kulinyima kwa sababu zisizohusiana na utunzi. Ushindi wa Reid haukuwa uthibitisho kwamba aliyefinyanga ndiye aliyetunga. Ulikuwa uthibitisho kwamba hakuwa mfanyakazi wa mtu.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, umiliki na utunzi vifunguliwe kutoka katika fundo moja: mwajiri apewe, kwa sheria au kwa mkataba, haki anazohitaji ili aitumie kazi aliyoigharimia, lakini asipewe jina la mtunzi, na haki za kutambuliwa na kuilinda kazi zisitegemee hati ya mshahara. Sheria ya Kenya inaonyesha kwamba hili linawezekana. Pili, uhamisho wa haki za kazi iliyoagizwa bila ajira ufanyike kwa maandishi yaliyotiwa saini na mtunzi, si kwa ukimya wake. Hapa sheria ya Marekani ndiyo yenye funzo, kwa kuwa masharti yake ya makundi tisa na hati yenye saini ndiyo yaliyomwezesha Reid kusimama.

Suala la utunzi wa pamoja, ambalo suluhu ya Reid na CCNV ililiacha bila hukumu, linabaki kuwa uwanja wa utafiti zaidi, hasa kwa sanaa za Afrika Mashariki ambamo mwagizaji, fundi na jamii huchangia kazi moja. Utafiti huo utahitaji vigezo vya kisanaa, vinavyouliza ni nani aliyelipa kazi umbo lake. Swali la nani aliyelipa gharama lina mahali pake, na mahali hapo ni katika mkataba.